Yerba ya Baridi

Inspekta Eustaquio Lemes aliinua kichupa cha kwanza kwa kibanio, akakielekeza dirishani. Nje, upepo wa Julai ulikuwa ukiyachapa maji ya mto ule mpana kama bahari na kurusha povu hadi barabarani. Ndani ya maabara palikuwa kimya. Kichupa kilikuwa cha plastiki, kifupi kuliko kidole gumba, na maji yaliyomo yalikuwa maangavu. Alikirudisha mahali pake, akainua cha pili, kisha cha tatu, mpaka akavimaliza vyote kumi na viwili.

"Ulivitazama juzi, ukavitazama jana," alisema Daktari Horacio Zubillaga, mkuu wa maabara ile ya Taasisi ya Larrobla, aliyesimama mlangoni na mikono nyuma. "Leo unangoja nini, vizae?"

"Ni saa ngapi, Daktari?"

"Mbili kasorobo."

"Basi nina saa nne na robo. Saa sita kamili mwendesha mashtaka atamfungulia Graciela Olaizola kesi ya hujuma. Akishafanya hivyo, msichana atahama kutoka mahabusu yangu kwenda gerezani, na chuo kikuu kitamfuta."

"Na kimfute! Mimi nitamsindikiza hadi langoni kwa miguu yangu. Nataka nisikie komeo likigonga nyuma yake."

"Unamchukia."

"Alinidhalilisha mbele ya wageni wa nchi tatu. Kama una neno kubwa kuliko kuchukia, nikopeshe."

Lemes alifungua daftari lake, akayasoma tena maelezo aliyoyaandika siku ya Jumanne, maana alikuwa mtu asiyeiamini kumbukumbu yake mwenyewe.

Ndani ya vichupa vile mlikuwa na protini ya binadamu ambayo haikutoka katika mwili wa binadamu yeyote. Jeni yake ilipandikizwa katika seli zilizofugwa ndani ya chupa, nazo seli zikaitengeneza mchana na usiku, kama nyuki wanaotengeneza asali ya kuliwa na wengine. Katika damu, kazi ya protini hiyo ni kuzidaka homoni za kiume na za kike na kuzibeba. Katika maabara, watafiti huitumia kupimia homoni hizo. Haikuwa dawa, na kila kichupa kiliandikwa kuwa ni cha utafiti tu. Jumanne saa nne na nusu, mbele ya wageni, Graciela alitia homoni katika vichupa vyote kumi na viwili, na protini haikudaka hata chembe. Ilikuwamo, lakini ilikuwa imekufa.

Ushahidi dhidi ya msichana ulikuwa mfupi na mzito. Ni yeye aliyevitoa vichupa katika friza saa mbili na dakika kumi, akavipanga katika kisanduku cheupe cha povu kilichojaa barafu, akakiacha katika chumba cha baridi ili viyeyuke polepole, akasaini daftari la mlangoni, akaenda kufundisha hadi saa nne. Hakuna jina jingine lililoandikwa asubuhi ile. Ijumaa iliyotangulia, Zubillaga alipokataa kwa mara ya tatu kuipeleka tasnifu ya Graciela kwa watahini, korido nzima ilimsikia msichana akisema, "Utalia, Daktari. Nakuapia utalia mbele za watu." Juu ya hayo, katika droo ya meza yake polisi walikuta chupa ya urea, kemikali inayoweza kuifumua protini ya aina yoyote.

Simu ya Lemes ililia. Aliyepiga alikuwa mkemia wa polisi.

"Hakuna urea, Inspekta. Hakuna asidi, hakuna sabuni, hakuna kitu kilichoongezwa. Chumvi ni ile ile. Protini yenyewe haijakatika, uzito wake ni kamili."

"Lakini imekufa."

"Imejisokota ovyo. Umewahi kuchemsha yai? Hakuna aliyetia kitu ndani ya yai, lakini halirudi tena kuwa bichi."

"Joto kiasi gani?"

"Nyuzi sabini, themanini. Robo saa inatosha. Na kwa kuwa imezimuliwa sana, maji hayatibuki. Kwa macho huoni kitu."

Lemes alikata simu, akakiinua tena kichupa cha kwanza. Safari hii hakuyatazama maji. Alitazama lebo. Ilikuwa imeteleza kwa upana wa uzi, na ukingo wake wa chini ulikuwa umejikunja. Akatazama ya pili, akakuta vivyo hivyo. Lebo zote kumi na mbili ziliteleza kwa kimo kimoja.

"Daktari, gundi ya lebo hizi hushindwa na baridi?"

"Imetengenezwa kwa ajili ya baridi. Nyuzi themanini chini ya sifuri, haibanduki."

"Na maji ya moto?"

"Hakuna anayevitia katika maji ya moto."

"Mtu mmoja alivitia."

Kwa nusu saa walikagua kila kifaa cha kupasha joto katika ghorofa ile. Beseni la umeme lilikuwa limefungwa utepe wa fundi tangu wiki iliyopita, na vumbi lilikuwa limekaa juu ya utepe. Mashine ya kupashia vichupa ilijirekodi yenyewe kila ilipowashwa, na Jumanne asubuhi haikuwashwa. Jikoni mlikuwa na birika moja tu la umeme, nalo, alieleza Zubillaga, Jumanne lilichukuliwa tangu saa mbili kupelekwa ukumbini kwa ajili ya kahawa ya wageni.

"Kwa hiyo ghorofa nzima haikuwa na maji ya moto."

"Hata tone."

Lemes aligeuka, akatazama koridoni. Nje ya mlango wa maabara palikuwa na rafu ndefu ya mbao, na juu yake chupa saba za chai zimepangwa. Kuingia maabarani na yerba, chai ya majani machungu inayonywewa katika kibuyu kwa mrija, kulikuwa marufuku. Kufika kazini bila yerba hakukuwa marufuku, ila hakuna aliyewahi kujaribu. Lemes mwenyewe alikuwa ameiacha ya kwake garini.

Alimkuta mtunza ghala, Wilmar Techera, akihesabu glavu. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya mnadi.

"Bwana Wilmar, sikuulizi nani aliingia chumba cha baridi."

"Afadhali, mkuu. Hilo nimeulizwa mara sita, mpaka jibu limechakaa."

"Nakuuliza yerba ya saa nne. Jumanne."

Wilmar alizitupa glavu juu ya meza. "Lo! Hiyo nayo imefika polisi? Basi nchi hii ina haki! Ilikuwa baridi, mkuu. Baridi! Nilimwambia Bi Perla, 'Shangazi, leo umetuletea yerba au maji ya kuoshea maiti?' Akasema eti kizibo cha chupa yake kimekufa."

"Ni yeye anayetengeneza kila siku?"

"Miaka kumi na mmoja. Kibuyu kimoja, mrija mmoja, sote tunazunguka. Hajawahi kukosa, hajawahi kutuunguza, hajawahi kutupoza. Mama yake alizikwa saa tatu, saa nne Bi Perla yuko hapa, chupa kwapani. Ndiyo maana nakumbuka. Mke wangu akinipa ya baridi, najua tumegombana. Bi Perla aliponipa ya baridi, nilidhani amepata mwanamume."

"Tangu hapo amenunua chupa nyingine?"

"Ya nini? Ile pale, ya kijani, iliyobonyea ubavuni. Jana ilikuwa moto safi kabisa."

"Hutamwambia mtu nimekuuliza haya."

"Mimi? Mimi ni kaburi."

"Kaburi lenye sauti," alisema Lemes. "Utakaa nami hapa."

Akavuta benchi, akaliweka mbele ya rafu, akakaa yeye na Wilmar hadi saa nne, macho juu ya chupa ya kijani. Alitaka aweze kuapa mbele ya hakimu kwamba hakuna mkono ulioigusa, wala tone la maji lililoongezwa. Mara mbili Zubillaga alipita akimkumbusha kwamba saa zinakwenda. Mara zote mbili Lemes alimjibu kwamba anazisikia.

Saa nne Bi Perla Iturbide alitokea. Alikuwa fundi wa maabara, mwanamke wa miaka sitini asiye na shahada, koti lake jeupe limepigwa pasi hadi kola, na ufunguo wa chumba cha baridi umening'inia shingoni. Kwa kuwa chumba kile kilikuwa chini yake, hakuwa na haja ya kusaini daftari la mlangoni; mwenye nyumba hapigi hodi. Alitwaa chupa yake, akatangulia jikoni, na wenzake wakamfuata na mfuko wa maandazi ya siagi. Alijaza kibuyu, akanywa cha kwanza yeye, kama ilivyo desturi ya anayenywesha, akajaza tena, akamwelekea Lemes.

"Karibu, Inspekta. Mgeni kwanza."

Lemes alivuta kwa mrija. Ulimi ukababuka. Alivuta hadi mwisho bila kukunja uso, kibuyu kikakoroma, akakirudisha.

"Asante," alisema, neno ambalo katika mzunguko wa yerba lina maana moja tu: sitaki tena. "Bi Perla, chupa hii uliijaza saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na nusu, nyumbani."

"Hii ni saa nne, na ulimi wangu umebabuka. Jumanne uliwaambia watu hawa kwamba kizibo kimekufa. Kilifufuka lini?"

Wilmar aliacha kutafuna. Bi Perla alikaza kizibo, zamu moja, mbili, tatu, akaiweka chupa mezani.

"Twende chumba cha baridi, Inspekta. Haya si maneno ya mbele ya mkate."

Ndani ya chumba kile baridi ilikuwa nyuzi nne. Lemes alifunga vifungo vya koti. Bi Perla alisimama kama aliyezaliwa humo.

"Maji ya yerba hayachemshwi," alianza Lemes. "Mtoto yeyote wa nchi hii anajua. Nyuzi themanini, basi. Jumanne Graciela alipokwenda kufundisha, uliingia hapa na chupa yako. Barafu ukaimwaga katika sinki. Maji ukayamimina katika kisanduku cha povu, maana povu linatunza joto kama linavyotunza baridi. Vichupa vikaoga robo saa. Kisha ukarudisha barafu, ukafuta, ukafunga. Hakuna mashine iliyowashwa, hakuna dawa iliyotiwa, na daftari la mlangoni likabaki na jina la msichana peke yake. Lakini chupa yako ikabaki tupu, na birika lilikuwa ukumbini."

"Nikajaza bombani."

"Ungesema kichwa kinakuuma, nisingekupata."

"Miaka kumi na mmoja sijakosa mzunguko," alisema Bi Perla, kama anayetaja heshima ya ukoo. "Nije niukose kwa ajili ya Horacio?"

"Alikutenda nini?"

"Seli hazijichagui zenyewe, Inspekta. Kati ya vishimo elfu mbili vya sahani za plastiki ilibidi kipatikane kimoja chenye seli zinazotoa protini nyingi na safi. Nilikitafuta kwa macho haya, kwenye darubini ile. Krismasi tatu nimekula hapa, nimesimama. Nikakipata. Horacio akaandika katika jarida kwamba mwandishi alizichagua seli hizo kwa mkono wake mwenyewe. Nikamfuata, nikamwuliza, na mimi je? Akacheka. Akasema, 'Perla, hata friza lilisaidia, nalo tuliandike?' Nikasema sawa. Nikangoja miaka minne, mpaka alipowaita watu wa nchi tatu waje wamshangilie. Nilitaka asimame mbele yao na mikono mitupu. Alisimama. Uso wake wa siku ile siubadilishi na kitu."

"Na msichana?"

Bi Perla aliushika ufunguo shingoni.

"Nilijua hamna kitu juu yake," alisema. "Nilijua mtamwachia."

"Amebakiwa na saa moja na nusu. Amelala juu ya saruji siku mbili, wewe ukinywesha watu yerba."

"Nimemfundisha mimi yule! Kila ninachokijua kuhusu seli zile nimempa yeye, yeye peke yake. Unadhani nalala?"

"Sikuulizi unavyolala. Nakuuliza kama utasaini maelezo."

"Nitasaini. Kwa sharti kwamba Horacio asimame mbele ya baraza la taasisi aseme hii ni kazi ya Perla Iturbide."

"Haki haiwekewi sharti, mama. Nina lebo kumi na mbili na watu sita waliokunywa baridi. Usiposaini nitakupeleka hivyo hivyo, lakini karatasi zitachelewa, saa sita itapita, na atakayelipia kuchelewa huko ni yule uliyemfundisha. Chagua unamlipiza nani."

Bi Perla alinyoosha mkono kuomba kalamu.

Saa tano na robo mwendesha mashtaka alikubali kwa simu kutoifungua kesi. Lemes aliagiza Graciela aletwe kwenye taasisi kuchukua vitu vyake, akamtia Bi Perla pingu, naye akazipokea bila kupepesa jicho, kama mtu anayepimwa saa ya mkononi. Walipotoka koridoni, Zubillaga alikuwa amekwisha kusikia.

"Nyoka!" alifoka. "Nimekuweka hapa miaka yote hii, muosha vichupa usiye na cheti! Utaozea gerezani, Perla. Nitakuja kila kesi, nitakaa kiti cha mbele."

"Njoo," alisema Bi Perla. "Uje na protini mpya, maana wageni wako wataitaka. Ndani ya pipa la naitrojeni kuna vichupa sita vya seli zilizolala katika baridi kali. Sikuvigusa. Ni hai zote. Ziamshe, Daktari."

Rangi ilimtoka Zubillaga usoni.

"Ana nini?" Lemes aliuliza.

"Wasaidizi wake watatu wamewahi kujaribu, mkuu," alisema Wilmar kutoka mlango wa ghala, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Seli ziliamka, zikawatazama walioziamsha, zikafa."

"Imo katika daftari la kazi," alisema Zubillaga. "Namna ya kuziamsha lazima iwemo katika daftari."

"Uliniambia fundi haandiki katika daftari la wataalamu."

Lifti ilifunguka. Graciela Olaizola alitoka akiwa amevaa nguo za Jumanne, nywele zimefungwa kwa kamba ya kiatu, na shavu moja lina alama ya ukingo wa benchi. Zubillaga alimkimbilia, sauti imegeuka asali.

"Graciela, mwanangu! Yalitokea makosa, makosa makubwa. Tasnifu yako inakwenda kwa watahini leo. Leo hii, mbele ya macho yako. Twende unionyeshe tu seli zinaamshwa vipi."

Graciela alimtazama kama mtu anavyotazama mlango asiokusudia kuupita. Kisha macho yake yakaziona pingu, yakapanda hadi usoni mwa Bi Perla.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Jana niliwaambia askari, mwulizeni Bi Perla, yeye atawaambia mimi ni mtu wa namna gani. Walikuja?"

"Walikuja."

"Ukasemaje?"

"Nilisema sijui kitu."

Graciela aliingia maabarani, akachukua mkoba wake na koti lake la baridi, akarudi. Alizungumza na Lemes peke yake, kana kwamba wengine wote walikuwa samani.

"Inspekta, sheria inanilazimisha nimfundishe mtu yeyote humu namna ya kuamsha seli zile?"

"La," alijibu Lemes. "Hailazimishi."

"Basi na mimi sijui kitu."

"Graciela!" Bi Perla alipiga hatua, Lemes akamrudisha kwa mnyororo wa pingu. "Mwadhibu Horacio, mwache aoze, lakini zile si zake! Zile ni zangu, mtoto wangu, ni miaka yangu yote, mimi nafungwa, wasiojua wakiziamsha zitakufa, na hakuna nyingine mahali popote..."

Msichana alikuwa amekwisha kuingia katika lifti. Aliwatazama wote wawili mpaka milango ikakutana. Zubillaga aliketi juu ya benchi, na Lemes akalazimika kumkumbatia Bi Perla kwa nyuma kwa nguvu zake zote, maana pingu alizozipokea kwa utulivu sasa zilikuwa zikimchuna ngozi.